Darubini ya usiku: mfugaji anayelinda zizi anunue ipi?

Mfugaji mmoja wa upande wa Makuyuni alinijia hapa Arusha na darubini aliyoinunua kwa machinga, akaniomba nimwoneshe kitufe cha kuiwashia. Niliigeuza huku na huko nikitafuta kitufe, kisha nikatafuta mahali pa kuwekea betri, na sikukiona kimoja wala kingine. Lenzi zake za mbele zilikuwa nyekundu zinazong'aa kama juisi ya ubuyu, ubavuni yaliandikwa maneno ya Kiingereza yanayodai kwamba inafanya kazi mchana na usiku, na chini yake palikuwa na namba 60x60. Muuzaji alimhakikishia kwamba angemwona fisi usiku wa manane akiwa kilomita tatu mbali. Aliilipia fedha ya mbuzi wawili, baada ya fisi kumwulia kondoo wanne katika majuma mawili, na usiku uliofuata alikesha nje ya zizi akilitazama giza bila kuona kitu, akidhani kosa ni lake.

Sikuwa na la kumficha. Ile ilikuwa darubini ya kawaida ya mchana, tena ya hali ya chini. Lakini mkanganyiko uliomwingiza katika hasara hiyo si wake peke yake. Katika makundi ya simu ya wafugaji wa Monduli, Longido na Simanjiro, na hata miongoni mwa wafugaji wa nyanda za chini za Moshi, jina moja la "darubini ya usiku" linatumika kutaja vitu vinne vinavyotofautiana kwa namna vinavyofanya kazi, kwa bei na kwa kazi vinayoiweza. Kibaya zaidi, video nyingi zinazosambazwa kuvitangaza zimepigwa Marekani, katika majimbo kama Texas, ambako watu huwinda usiku nguruwe pori na mnyama aitwaye coyote, wa jamii ya mbwa, asiyepatikana Afrika. Mtu anayetazama video hizo akiwa Tanzania anaona kifaa kilichofungwa juu ya bunduki, anaona mnyama mweupe akianguka, kisha anahitimisha kwamba hicho ndicho anachokihitaji.

Jambo la sheria lisemwe mapema ili lisitusumbue huko mbele. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila leseni, na kuwinda usiku au kwa kumulika mnyama kwa taa ni miongoni mwa njia inazozikataza pasipo idhini maalumu. Kulinda uhai na mali ni suala jingine, ambalo sheria inalitambua na kulitaka litolewe taarifa. Kwa hiyo ninapozungumzia vifaa hivi ninazungumza na mtu anayelinda zizi lake, anayetaka kujua ni nini kinachozunguka nje ya ua saa nane za usiku, ili aamue kama apige kelele, awashe taa, awaite majirani, awafungulie mbwa au arudi kulala.

Mwanga uliopo, na mwanga usioonekana

Msingi wa yote ni kwamba jicho halioni kitu chenyewe, bali mwanga unaotoka kwenye kitu hicho na kuliingia. Usiku usio na mwezi mwanga haujaisha kabisa, kwa kuwa nyota zinatoa kiasi, ila kiasi hicho ni kidogo mno kwa jicho letu. Kuna njia tatu tu za kulisaidia. Ya kwanza ni kukusanya mwanga mwingi zaidi kutoka katika ule mchache uliopo, ya pili ni kuongeza mwanga, hata kama ni wa aina ambayo jicho haliioni, na ya tatu ni kuachana na mwanga kabisa na kutazama joto. Kifaa chochote utakachouziwa kinatumia mojawapo ya njia hizo au kinachanganya mbili. Kisichotumia hata moja ni mapambo.

Tuanze na darubini ya kawaida, kwa sababu hata hiyo ina msaada wake jioni na wakati wa mbalamwezi. Namba mbili zilizoandikwa ubavuni, tuseme 8x42, zinasema kwamba kitu kitaonekana kimesogea mara nane na kwamba lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Fikiria mvua inayotiririka kutoka kwenye bati: lenzi ya mbele ni beseni ulilolikinga, na mboni ya jicho lako ni mdomo wa chupa unayotaka kuijaza. Ukigawanya 42 kwa 8 unapata milimita 5 na kidogo, ambao ndio upana wa mchirizi unaotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na ya mtu mzima hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo darubini ya 7x50, inayotoa milimita 7, inalijaza jicho la usiku karibu lote, na ndiyo maana mabaharia wameitumia kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwenye ile 60x60. Kama namba zake zingekuwa za kweli, 60 kwa 60 ni moja, na mchirizi wa milimita moja kwa jicho lililofunguka milimita 6 ni giza tupu. Hazikuwa za kweli vilevile. Nilichukua rula ya mtoto wa shule nikapima lenzi ya mbele mbele ya mwenyewe, nikapata milimita 35. Na ule wekundu uliomvutia ni rangi inayoirudisha nje sehemu ya mwanga, yaani inaupunguza ule mchache uliokuwepo. Lenzi nzuri hupakwa dawa ya kupunguza mng'ao, nayo ukiitazama kwa pembeni huonekana na kivuli hafifu cha kijani au zambarau. Haiwi nyekundu ya kukuangaza machoni.

Jicho lenyewe nalo linahitaji kuheshimiwa. Huchukua dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lifikie uwezo wake mkubwa, na skrini ya simu ikifunguliwa mara moja tu kusoma ujumbe inaiharibu kazi hiyo yote. Nimewaona walinzi wanaolalamikia darubini zao ilhali simu haziwatoki mikononi.

Aina ya pili ndiyo ile inayooneshwa katika filamu za kivita, yenye picha ya kijani. Ndani yake kuna mrija ambamo mwanga hafifu unagonga bamba jembamba na kulifanya litoe chembe za umeme. Chembe hizo zinaongezwa maelfu ya mara, kisha zinagonga kioo kinachong'aa mbele ya jicho. Ni kipaza sauti cha mwanga. Lakini kipaza sauti kinahitaji mtu anayenong'ona. Ukikiweka mbele ya mtu aliyenyamaza hakitatoa neno. Kifaa hiki nacho, usiku wa mawingu mazito kama tunayoyajua Arusha mwezi Juni na Julai, au chini ya migunga iliyoshonana, kinadhoofika mpaka kisaidiwe na taa isiyoonekana. Mirija yake inatajwa kwa vizazi, na cha tatu ni bora kuliko cha kwanza kwa mbali sana, ila Marekani inabana usafirishaji wake kwenda nje, na mwanga mkali unaweza kuuharibu mrija moja kwa moja. Kwa mfugaji sioni sababu ya kuhangaika nacho.

Aina ya tatu ni ya kidijitali, nayo inaeleweka kwa jaribio ambalo kila nyumba yenye televisheni inaweza kulifanya leo jioni. Chukua rimoti, ielekeze kwenye kamera ya simu yako, bonyeza kitufe chochote na utazame kwenye skrini ya simu. Kwenye simu nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, utaona kitaa cha rimoti kikimeta rangi ya zambarau au nyeupe, wakati jicho lako lenyewe halioni kitu. Huo ni mwanga wa infraredi, ambao uko hatua moja tu nje ya wekundu wa mwisho tunaouona. Darubini ya kidijitali ni kamera inayouona mwanga huo, iliyofungwa pamoja na tochi inayoutoa. Kwa hiyo inamulika mbele kwa tochi kali ambayo wewe huioni, kisha inakuonesha matokeo kwenye kiskrini kidogo.

Tochi hizo ziko za aina mbili zinazouzwa sana, za nanomita 850 na za nanomita 940, namba inayotaja urefu wa mawimbi ya mwanga wake. Ya 850 inafika mbali zaidi kwa kuwa kamera inaiona vizuri, lakini ukiitazama uso kwa uso utaona kidoa chekundu hafifu, na mnyama anaweza kukiona pia. Ya 940 haitoi kidoa hicho, na inalipa gharama yake kwa kufika karibu zaidi. Udhaifu wa zote mbili anaujua kila dereva aliyewahi kuendesha gari kwenye ukungu akiwa na taa kubwa: mwanga unagonga ukungu na kukurudia usoni, usione barabara. Nyasi ndefu zilizo hatua tatu mbele yako zinafanya hivyohivyo. Mahali ambapo kifaa hiki kinawashinda wengine ni katika kuonesha sura. Madoa ya chui, michirizi ya pundamilia, hereni ya sikio la ng'ombe na uso wa mtu vinaonekana, ingawa bila rangi.

Hapa niingize tahadhari kuhusu macho yanayong'aa. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaourudisha mwanga, na ndiyo maana ukimulika tochi unaona jozi za taa gizani. Wengi wanaamini kwamba macho yanayong'aa ni ya mnyama mkali. Ng'ombe wanang'aa macho, mbuzi wanang'aa, mbwa wako mwenyewe anang'aa, kamendegere anayerukaruka shambani anang'aa kuliko ukubwa wake. Mng'ao unakuambia kwamba kuna jicho, na hausemi ni la nani.

Kutazama joto

Aina ya nne, ambayo wafanyabiashara wameanza kuiita themo, ni kamera ya joto, na ndiyo inayozua uongo mwingi zaidi. Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi yake. Ukikaa jioni karibu na ukuta wa mawe uliopigwa jua kutwa, shavu lako linahisi joto hata kabla ya kuugusa. Mafiga yaliyotolewa moto saa moja iliyopita nayo yanahisika kwa kiganja. Kamera ya joto ni shavu lenye maelfu ya vituo vya kuhisi, ambalo linaandika kila kituo kimehisi nini, kisha linachora picha. Haihitaji nyota, mwezi wala tochi. Mchana na usiku kwake ni karibu sawa.

Niliwahi kukesha nayo kwenye boma moja upande wa Longido, na picha ile haijanitoka. Ng'ombe walikuwa mafungu meupe yaliyolala, pembe zao zikiwa zimefifia kuliko miili. Mavi mabichi yalikuwa visahani vinavyong'aa chini, na yalizidi kufifia kadiri dakika zilivyopita, hata ungeweza kukadiria ng'ombe aliondoka hapo muda gani. Mwamba mmoja nje ya ua uliwaka mpaka karibu saa nne usiku kwa joto la jua ulilolifyonza mchana, na vijana wawili waliapa kwamba ni simba aliyejilaza. Baadaye kidogo vikaja viumbe vitatu kutoka korongoni, mabega juu na kiuno chini, vikitembea kwa ule mwendo wa kuchechemea, na hapo hapakuwa na ubishi, ni fisi. Mbwa walibweka, mwenye boma akamulika taa ya sola, wakarudi walikotoka. Asubuhi, jua lilipopasha mawe na udongo hadi vikakaribiana kwa joto na miili ya wanyama, picha yote ilipauka na ng'ombe waliokuwa wazi usiku kucha wakawa kama madoa ya chai kwenye kitambaa cha kijivu.

Usiku huo ulinifundisha nguvu na mipaka ya kifaa hiki kuliko maelezo yoyote ya dukani. Kamera ya joto haina mshindani katika kugundua kwamba kuna kitu chenye uhai. Lakini haioni madoa wala rangi ya ngozi, kwa hiyo chui aliyelala inambidi mtazamaji amtambue kwa umbo peke yake. Nyoka na mamba, ambao miili yao hufuata joto la mahali walipo, mara nyingi wanapotea kwenye picha. Mvua na ukungu mzito vinaipunguzia nguvu, ingawa ukungu mwepesi inauvumilia kuliko darubini ya kidijitali.

Haioni kupitia ukuta. Mbuzi aliye nyuma ya ukuta wa matofali haonekani. Kinachoonekana ni joto la uso wa ukuta wenyewe. Haioni kupitia kichaka isipokuwa pale penye uwazi kati ya majani. Na, jambo linalowashangaza wengi, haioni hata kupitia dirisha, kwa kuwa kioo cha kawaida kinaizuia mionzi ya aina hiyo kama bati linavyozuia mwanga. Ukiwa ndani ya gari umefunga vioo utaona kivuli cha uso wako. Lenzi zake kwa hiyo hazitengenezwi kwa kioo cha kawaida bali mara nyingi kwa madini ya germaniamu, ambayo ni ghali, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kuwa kubwa. Zile programu za simu zinazodai kuigeuza kamera yako kuwa ya joto zinapaka tu rangi nyekundu na buluu juu ya picha ya kawaida. Simu isiyo na kihisi cha joto ndani yake haiwezi kulipima joto kwa kupakuliwa programu.

Dai jingine ninalolisikia ni kwamba kamera hiyo inatoa mionzi inayopofusha. Haitoi kitu. Inapokea tu, kama sikio.

Kilomita zilizoandikwa kwenye boksi

Sasa tufike mahali ambapo pesa nyingi zinapotea. Kwenye boksi la kamera ya joto utasoma kwamba inaona mita 1,200, au 1,800, au hata zaidi. Namba hiyo kwa kawaida si uongo mtupu, ila neno "inaona" limebebeshwa mzigo usio wake.

Mwaka 1958 mtaalamu wa jeshi la Marekani aitwaye John Johnson alieleza kwamba kuona kupitia vifaa vya namna hii kuna ngazi. Ngazi ya chini ni kugundua kwamba kuna kitu. Inayofuata ni kukitambua kwa kundi, yaani kujua kwamba ni mnyama wa miguu minne na si mtu. Ya juu ni kukijua hasa, kwamba huyu ni fisi na si mbwa. Kila ngazi inahitaji vidoa vingi zaidi vya picha, yaani pikseli. Kwa makadirio yanayotokana na kazi yake, kugundua kunahitaji kitu kijaze pikseli kama 2, kutambua kunahitaji kama 8, na kujua hasa kunahitaji kama 13.

Tufanye hesabu kwa kifaa cha kawaida cha mkononi, chenye lenzi ya fokasi (umbali ambao lenzi inakusanyia picha) ya milimita 25 na kihisi ambacho kila pikseli yake ina upana wa mikromita 12, yaani sehemu 12 za elfu za milimita. Kwa vipimo hivyo kila pikseli inafunika karibu sentimita 5 kwa kitu kilicho mita 100 mbali, sentimita 10 kwa mita 200, na kuendelea kwa mtindo huo. Fisi madoa ana kimo cha sentimita 80 hivi begani. Kwa hiyo atajaza pikseli 2 akiwa mita zaidi ya 800, na utagundua kwamba kuna kidoa cheupe. Atajaza pikseli 8 akifika mita 200 hivi, na utajua ni mnyama. Atajaza pikseli 13 akifika mita 130 hivi, na hapo ndipo utakapoona mteremko wa mgongo wake na kusema ni fisi. Boksi, ambalo mara nyingi limepigia hesabu mtu mzima aliyesimama, litakuwa limeandikwa zaidi ya kilomita moja.

Kati ya mita 800 na mita 130 ndipo makosa yanapofanyika. Hapo yumo fisi mdogo, ambaye chakula chake ni mchwa na hajawahi kula mbuzi wa mtu. Yumo mbwa mwitu, aliye katika hatari ya kutoweka duniani, na yumo mbwa wa jirani. Yumo pia kijana anayerudi kutoka kisimani au aliyekuwa akimtafuta ndama aliyepotea, akiwa ameinama kujikinga na baridi. Hii ndiyo sababu ninamsihi kila anayeniuliza asinunue darubini ya kufunga kwenye bunduki kwa ajili ya kulindia zizi. Anayetazama kwa kifaa kilicho juu ya bunduki analazimika kuuelekeza mtutu kwa kila anachotaka kukijua, na cha kwanza asichokijua huenda kikawa mtoto wa ndugu yake. Kifaa cha mkononi kinatazama bila kumtisha wala kumhatarisha yeyote.

Wauzaji watakuambia ukuze picha. Kukuza kwa kidijitali ni kama kuvuta picha ya pasipoti kwenye simu hadi ijaze skrini: pua inakuwa kubwa, lakini hupati tundu la pua ambalo halikuwemo tangu mwanzo. Pikseli 5 za fisi zikikuzwa mara nne zinabaki pikseli 5, kubwa na zenye kingo za matofali. Kinachoongeza ufahamu ni lenzi yenye fokasi ndefu zaidi au kihisi chenye pikseli nyingi, na vyote viwili vinaongeza bei.

Lakini lenzi ndefu nayo inachukua kitu. Kihisi cha pikseli 256 kwa upana, kikiwa na lenzi ile ya milimita 25, kinakuonesha ukanda wa mita 12 tu kwa kitu kilicho mita 100 mbali, kama anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Ukihesabu fisi watatu upande wa kulia, wa nne anapita kushoto. Kihisi cha pikseli 384 na lenzi fupi ya milimita 19 kinakupa ukanda wa mita 24 kwa umbali huohuo, na kwa boma linalozungukwa pande zote hilo lina thamani kuliko kilomita za kwenye boksi.

Namba nyingine mbili zinatosha kujua. Moja ni ya hezi, yaani picha inabadilishwa mara ngapi kwa sekunde. Kifaa cha 9 kinakatakata mwendo wa mnyama anayekimbia, cha 25 au 50 kinautiririsha. Nyingine ni ya kuhisi tofauti ndogo za joto, inayoandikwa kwa milikelvini, yaani sehemu za elfu za nyuzi moja ya joto, na hapo namba ndogo ndiyo bora: cha 25 kitakusaidia usiku wenye unyevu na ukungu wa miteremko ya Meru au Kilimanjaro mahali ambapo cha 50 kinaonesha kijivu kitupu.

Hesabu ya zizi moja

Yule mfugaji wa Makuyuni nilimwuliza swali ambalo muuzaji hakumwuliza, nalo ni kwamba fisi wanatokea wapi. Alijua hasa, korongoni. Siku nilipomtembelea tulipima kwa hatua kutoka lango la zizi hadi ukingo wa korongo, tukapata kama mita 90. Zaidi ya hapo ni bonde asiloweza kuliona kwa kifaa chochote, kwa sababu ardhi inashuka. Kwa hiyo mita 1,800 za kwenye boksi zingekuwa mita 1,710 za kupendezesha. Alihitaji kifaa kitakachomjulisha kwa uhakika ni nani aliye ndani ya mita 100, chenye ukanda mpana, kinachoweza kuchajiwa kwa sola aliyonayo.

Nilimwonesha pia kwamba ua wake wa miiba ulikuwa na pengo la kupitisha kichwa cha fisi upande wa kaskazini, na kichwa kikipita mwili unafuata. Kule Simanjiro shirika la African People & Wildlife limesaidiana na jamii kujenga kuta hai, ambazo ni miti ya jamii ya manemane iliyopandwa ikaota kama nguzo na kuzungushiwa wavu wa waya. Kijana wa Kenya, Richard Turere, alijulikana kwa taa zake za kumetameta zinazomfanya simba adhani mtu anatembea na tochi. Gharama za wavu ziende kabla ya gharama za kamera, kwa kuwa kamera haizuii kitu; inamwamsha tu mwenye uwezo wa kuzuia, na huyo lazima awe macho.

Aliafikiana na majirani zake wanne kuchangia kamera moja ya joto ya mkononi, pikseli 384, lenzi ya milimita 19, ikae kwa mlinzi wa zamu, pamoja na tochi kali ya kawaida kwa kila boma. Kamera inagundua, tochi inathibitisha na kufukuza kwa pamoja. Asubuhi wanaandika ni mnyama gani, wangapi na saa ngapi, jambo linalowasaidia wanapompelekea taarifa afisa wanyamapori wa wilaya, kwa kuwa madai ya kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa hasara ya wanyamapori, yanataka ijulikane ni mnyama gani aliyeleta hasara.

Kabla ya kulipa walikwenda dukani wakati wa magharibi, na nilikuwa nimewaeleza la kufanya. Mmoja aliweka kiganja ukutani kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, akakiondoa, na wenzake wakatazama ukuta kwa kamera: alama ya vidole vitano ilibaki iking'aa, kisha ikafifia polepole mpaka ikaisha. Halafu wakatazama kupitia dirisha la duka lililofungwa, na hawakuona barabara. Mwishowe wakatoka nje, wakamtuma kijana atembee hatua mia kuelekea mwisho wa mtaa akiwa na mbwa wa mwenye duka, kila mmoja akatazama kwa zamu na kusema yupi ni mtu na yupi ni mbwa, na mbwa ameelekea upande gani. Wote watano walipopatia, walilipa.